Matundu Manne, Mrija Mmoja: Kinachoweza Kwenda Kombo Baada ya Kutolewa Kifuko cha Nyongo

Tarehe 12 Aprili 1953, Anthony Eden, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alipasuliwa jijini London ili atolewe kifuko cha nyongo. Kwa madaktari wa siku hizo ilikuwa kazi ya kawaida, lakini katika kukata, mrija wa nyongo ulijeruhiwa. Eden alirudishwa mezani tarehe 29 ya mwezi huohuo, na hali bado haikutengemaa. Mwezi Juni akavushwa bahari hadi Boston, Marekani, kwa daktari Richard Cattell, aliyesifika kwa kuunga mirija ya aina hiyo. Alipata nafuu, na mwaka 1955 akawa Waziri Mkuu. Homa, hata hivyo, haikumwacha. Oktoba 1956, katikati ya mgogoro wa Mfereji wa Suez, joto la mwili wake lilipanda hadi nyuzi 41. Januari 1957 alijiuzulu kwa sababu za afya, na baada ya hapo alirudi tena kupasuliwa kwa ajili ya mrija uleule.

Eden alipasuliwa kwa njia ya zamani, tumbo wazi. Siku hizi mgonjwa wa mawe ya nyongo huambiwa kwamba atatobolewa matundu manne tu na kesho yake atakuwa nyumbani, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Njia hii ilianza tarehe 12 Septemba 1985, pale daktari Erich Mühe wa mji wa Böblingen, Ujerumani, alipokitoa kifuko cha nyongo kwa kupitisha vyombo kwenye matundu madogo. Mwaka uliofuata alipowaeleza madaktari wenzake, walimbeza. Muda si mrefu Wafaransa wakaifanya kwa kamera na runinga, na ndani ya miaka michache ikaenea karibu dunia nzima. Mwaka 1992 chama cha madaktari wa upasuaji wa Ujerumani kikamtunuku Mühe yuleyule.

Faida zake hazina ubishi. Kovu ni dogo, maumivu ni machache, na mtu wa kazi ya ofisini hurudi kazini baada ya wiki moja au mbili badala ya zaidi ya mwezi. Ila faida hiyohiyo ina upande wa pili. Mgonjwa anapolala wodini siku saba, muuguzi humpima joto kila baada ya saa chache na daktari hupita asubuhi. Anaporuhusiwa baada ya siku moja, kazi ya kumchunga inahamia kwa mke, mume, mama au dada asiyejua achunge nini. Madhara makubwa ya upasuaji huu mara nyingi hayaonekani mgonjwa akiwa bado mezani. Hujitokeza siku ya pili, ya tatu, hata ya saba. Familia inayojua dalili zake humwokoa mtu wake kwa kumrudisha hospitali mapema, na ile isiyojua hupoteza siku hizo ikisubiri dawa za maumivu zifanye kazi.

Kinachotokea ndani ya tumbo

Mgonjwa akishalala kwa nusu kaputi, daktari hutoboa tundu la kwanza kitovuni, kwa kawaida la milimita 10 hivi, na kuingiza gesi ya kaboni dayoksaidi hadi tumbo liinuke kama hema. Kamera hupita hapo. Tundu la pili huwekwa kwenye chembe cha moyo, na mawili madogo zaidi chini ya mbavu za kulia. Kwenye skrini linaonekana ini, na chini yake kifuko chenyewe, chenye urefu wa sentimita 7 hadi 10. Kwa wengi kazi nzima huchukua saa moja hadi moja na nusu.

Kifuko hicho kimeungwa na mwili kwa njia mbili: kimrija kinachokiunganisha na mrija mkuu wa nyongo, na mshipa wa damu unaokilisha. Vyote viwili hubanwa kwa vibanio vidogo vya titani na kukatwa. Baada ya hapo kifuko hubanduliwa polepole kutoka kwenye ini kwa chombo cha umeme, hutumbukizwa kwenye kijifuko cha plastiki, na kuvutwa nje, mara nyingi kupitia kitovuni.

Hatari iko jirani kabisa na kimrija kile. Mrija mkuu, unaopeleka nyongo yote ya ini kwenye utumbo, una upana wa milimita chache tu. Kifuko kikiwa kimevimba na kugandamana na nyama za jirani, au kikivutwa upande usiofaa, mrija mkuu hujipanga mstari mmoja na kimrija, na kwenye skrini ukaonekana kuwa ndicho. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa majeraha 252 ya mirija ya nyongo. Waligundua kuwa katika asilimia 97 ya visa hivyo chanzo kikuu kilikuwa jicho kudanganyika, na ni asilimia 3 tu zilizotokana na udhaifu wa mikono. Daktari alikata kwa ustadi mrija ambao hakupaswa kuugusa, akiamini kwa dhati kwamba ndio wenyewe.

Ndiyo maana mwaka 1995 Steven Strasberg, daktari wa Marekani, na wenzake waliweka kanuni ambayo leo hufundishwa kila mahali. Kabla ya kukata chochote, mafuta na nyama zote za pembeni ziwe zimesafishwa, theluthi ya chini ya kifuko iwe imeachana na ini, na vionekane vitu viwili tu, si zaidi, vinavyoingia kwenye kifuko. Picha hiyo isipopatikana, hakuna kukata. Daktari atafute njia nyingine.

Kwa makadirio yanayotajwa sana, mrija mkuu hujeruhiwa kwa wagonjwa 3 hadi 5 katika kila 1,000 wanaopasuliwa kwa matundu. Kwa upasuaji wa tumbo wazi makadirio ni mgonjwa 1 au 2. Si wengi, lakini ni upasuaji unaofanywa kila siku kila mahali, kwa hiyo wachache hao wapo katika kila nchi.

Si mrija mkuu peke yake

Yapo madhara mengine. Baadhi yake ni mepesi zaidi, na baadhi hutokea mara nyingi zaidi. La kwanza ni nyongo kuvuja. Kibanio kinaweza kuteleza kwenye kisiki cha kimrija, au vijirija vyembamba vinavyotoka kwenye ini vikaachwa wazi bila kuonekana. Nyongo ikimwagika tumboni huchoma nyama za ndani na kuleta maumivu, homa na tumbo kujaa. Uvujaji wa aina hii kwa kawaida hutibika bila kupasua tena. Huwekwa mpira mwembamba wa kutoa nyongo nje, na mtaalamu hupitisha kamera mdomoni hadi kwenye utumbo mdogo, kisha huacha kijibomba cha plastiki ndani ya mrija ili nyongo iteremke kirahisi badala ya kutafuta upenyo.

Utumbo nao unaweza kutobolewa, ama na chombo kinachoingia mara ya kwanza, ama na joto la chombo cha umeme. Lililo baya kuhusu kuungua ni kwamba hakuonekani hapohapo. Sehemu iliyoungua hufa taratibu na kutoboka siku kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa nyumbani. Mwaka 2010 Wamarekani walifuatilia habari za John Murtha, mbunge mkongwe wa jimbo la Pennsylvania mwenye umri wa miaka 77. Alipasuliwa kifuko cha nyongo kwa njia ya matundu mwishoni mwa Januari. Siku chache baadaye alilazwa chumba cha wagonjwa mahututi katika hospitali nyingine, na tarehe 8 Februari akafariki. Vyombo vya habari viliripoti kuwa utumbo wake ulijeruhiwa wakati wa upasuaji na maambukizi yakafuata.

Kuna pia mawe yanayobaki. Inakadiriwa kuwa kati ya watu 100 wenye mawe kwenye kifuko, 10 hadi 15 wana jiwe lililokwisha kuteremkia kwenye mrija mkuu. Kifuko kikitolewa bila jiwe hilo kutafutwa, laweza kuziba mrija wiki au miezi baadaye. Matokeo yake ni macho ya manjano, au kongosho kuvimba, ugonjwa wenye maumivu makali mno. Mawe mengine hudondoka tumboni kifuko kinapopasuka wakati wa kubanduliwa. Mengi hayaleti shida, lakini lililosahaulika huweza kutengeneza jipu hata baada ya miaka.

Damu huweza kuvuja, kitovu hutunga usaha, na henia hutokea kwenye tundu kubwa, hasa kwa watu wanene na wanaorudia kubeba mizigo mapema. Damu kuganda miguuni ni nadra zaidi ila ni ya hatari, maana bonge likisafiri hadi kwenye mapafu linaweza kuua kwa dakika chache.

Kabla ya kusaini fomu ya ridhaa

Njia rahisi ya kuepuka madhara ni kutopasuliwa bila sababu. Watu wengi hugunduliwa mawe kwa bahati tu, kwenye utrasaundi ya ujauzito au ya ugonjwa mwingine, na hawajawahi kuumwa. Kwa kawaida mawe ya namna hiyo huachwa yalivyo. Anayehitaji upasuaji ni yule mwenye maumivu yanayokuja kwa vipindi, chini ya mbavu za kulia au kwenye chembe cha moyo, hasa baada ya mlo wenye mafuta, na wakati mwingine kupenya hadi kwenye bega la kulia. Afrika Mashariki mgonjwa wa aina hii huweza kuzunguka kwa miaka akimeza dawa za vidonda vya tumbo kabla ya mtu kufikiria utrasaundi.

Kosa la upande wa pili ni kuchelewa. Andy Warhol, msanii wa Marekani aliyekuwa maarufu duniani, aliziogopa hospitali, akaahirisha matibabu ya kifuko chake kwa miaka. Alipokubali, Februari 1987, kifuko kilikuwa kimeoza. Alipasuliwa tarehe 21 na kufariki alfajiri ya tarehe 22, akiwa na umri wa miaka 58. Kifuko kilichokwisha kuvimba mara nyingi huwa kigumu, hushikana na ini, na hapo ndipo mirija huchanganywa. Mtu anayepata uvimbe wa ghafla wenye homa anafaa kupasuliwa mapema. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza unataka ifanyike ndani ya wiki moja tangu ugonjwa ugunduliwe, kabla makovu hayajaanza kugandamana.

Katikati ya kuahirisha huko huingia tiba ya mafuta ya zeituni na maji ya limau, inayosambazwa sana kwenye makundi ya WhatsApp kwa jina la kusafisha nyongo. Mtu hunywa glasi nzima usiku, na asubuhi huona vidonge vya kijani chooni, akaamini ni mawe yake. Vidonge vya namna hiyo vimewahi kupimwa maabara, vikakutwa ni sabuni iliyotengenezwa na mafuta yenyewe tumboni. Mawe yalikuwa bado mahali pake.

Yapo maswali ambayo mgonjwa ana haki ya kuuliza bila kuonekana msumbufu. Je, vipimo vya ini vimefanywa, na upana wa mrija mkuu umeangaliwa kwenye utrasaundi? Ikiwa macho yamewahi kuwa ya manjano, je, mrija utapigwa picha kwanza? Daktari anafanya upasuaji huu mara kwa mara, au mara chache kwa mwaka? Nyongo ikivuja, mtaalamu wa kamera ya mdomoni yuko hospitali hiyo au mji gani? Usiku wa kwanza, nani yuko zamu, na simu yake ni ipi? Kwa wenye bima, inafaa kujua mapema iwapo itagharamia pia kufunguliwa tumbo, kulazwa zaidi na rufaa, maana gharama za matatizo huzidi sana za upasuaji wenyewe.

Mgonjwa naye ana ya kueleza. Aseme kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama ana kisukari, kama amewahi kupasuliwa tumbo, kama anahisi ni mjamzito, na dawa za mitishamba anazotumia hata kama anaona aibu kuzitaja.

Wenye selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita, wanahitaji uangalizi wa pekee. Ugonjwa huu ni wa kawaida Tanzania, Uganda na magharibi mwa Kenya, na huleta mawe ya nyongo hata kwa watoto, kwa sababu chembe nyekundu za damu huvunjika kila wakati na mabaki yake huwa mawe. Kwao hatari kubwa ni kifua kushambuliwa baada ya nusu kaputi. Mtoto huhitaji maji ya kutosha kwa dripu, mwili kuwekwa na joto, hewa ya oksijeni, na mara nyingi kuongezewa damu kabla. Upasuaji wake ufanyike mahali ambapo daktari wa damu na daktari wa upasuaji wanazungumza.

Fomu ya ridhaa itaeleza kuwa tumbo linaweza kufunguliwa. Hutokea kwa wagonjwa wachache kwa kila 100, na kwa wengi zaidi ikiwa kifuko kimevimba. Ndugu wengi wakiambiwa mlangoni pa chumba cha upasuaji kwamba mgonjwa amefunguliwa, hudhani daktari ameharibu. Mara nyingi maana yake ni kinyume chake. Daktari hakuipata ile picha ya vitu viwili, akakataa kukata kwa kubahatisha. Wengine huacha kipande cha kifuko kilichoshikana na ini, au huweka mpira wa kutoa usaha na kumrudisha mgonjwa baada ya wiki kadhaa. Hizo zote ni njia zinazokubalika.

Siku kumi za kwanza nyumbani

Kuna maumivu ambayo hayapaswi kumtisha mtu. Bega la kulia huuma siku moja hadi tatu, kwa sababu mabaki ya gesi huchokonoa msuli unaotenganisha tumbo na kifua, na mishipa ya fahamu ya msuli huo hupeleka maumivu begani. Kutembeatembea ndani ya nyumba husaidia. Tumbo hujaa kidogo, kitovu huvilia damu, mtu huchoka haraka. Joto dogo usiku wa kwanza nalo si ajabu.

Kipimo cha kufuata ni mwelekeo. Aliyepasuliwa salama huwa na nafuu leo kuliko jana. Siku ya pili anakaa, ya tatu anatembea hadi uani, ya nne anadai chai. Aliyekuwa na nafuu siku ya pili kisha siku ya tatu akalala amejikunja, hataki kuguswa tumbo, anatapika na hawezi hata kunywa uji, huyo hapaswi kusubiri kliniki ya wiki ijayo. Arudi hospitali usiku huohuo.

Dalili nyingine za kurudi ni homa ya nyuzi 38 au zaidi, baridi ya kutetemeka, tumbo linalozidi kuvimba na kuwa gumu, majimaji ya kijani au ya njano kwenye kidonda, na kukosa haja na kukosa kujamba huku kutapika kukiendelea. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kukata ghafla, ni dharura ya dakika hiyo.

Macho ya manjano yanataka kuangaliwa kwa utaratibu. Mgonjwa apelekwe mlangoni au uani mchana, avute kope la chini, na weupe wa jicho uangaliwe kwa mwanga wa jua. Taa ya umeme yenye rangi ya njano inaweza kuificha dalili yenyewe. Mkojo wake uangaliwe pia. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea ilhali anakunywa maji ya kutosha, na choo kikapauka na kuwa na rangi ya udongo, nyongo haifiki kwenye utumbo. Mwenye sikoseli ambaye macho yake huwa ya njano siku zote alinganishwe na alivyokuwa kabla ya upasuaji, na mama yake ndiye anayeijua tofauti hiyo.

Mtego mkubwa upo hapa. Mgonjwa ana homa, ndugu wanamkimbiza duka la dawa la karibu, anapimwa malaria, pengine anaambiwa ana taifodi, anapewa sindano na dawa kali za maumivu. Maumivu yanapungua kwa saa kadhaa, na nyongo inaendelea kumwagika. Homa baada ya upasuaji wa tumbo ni ya hospitali iliyopasua hadi ithibitike vinginevyo, hata kipimo cha malaria kikisoma chanya. Mlangoni pa dharura, sentensi ya kwanza iwe: "Ametolewa kifuko cha nyongo siku nne zilizopita." Barua ya kuruhusiwa iwe mkononi. Vipimo vya damu, vya ini na utrasaundi au siti skani vinaweza kuonyesha majimaji tumboni siku hiyohiyo.

Nyumbani, kidonda kikae kikavu siku mbili za mwanzo, kisha kioshwe kwa maji safi na sabuni na kukaushwa kwa kugusagusa. Kisipakwe majivu, mafuta ya nyonyo wala dawa ya majani. Kukandwa tumbo kwa maji ya moto, alivyozoea mzazi, hakufai hapa, maana joto na mkandamizo huchokoza kidonda na kuweza kukifumua. Ndoo ya maji, gunia, jembe na kumbeba mtoto mgongoni visubiri wiki tatu hadi nne. Bodaboda ya barabara mbovu iahirishwe, na anayeendesha gari asikae nyuma ya usukani hadi aweze kukanyaga breki ghafla bila kusikia maumivu.

Ikitokea kweli

Mrija ukikatwa, la kwanza si kuukarabati haraka, bali kujua nani anaukarabati. Ukarabati wa kwanza ndio wenye nafasi nzuri zaidi ya kudumu, na kila unaofuata hufanyika kwenye nyama yenye makovu. Daktari asiyefanya kazi hiyo mara kwa mara hutenda vyema akiweka mpira wa kutolea nyongo, akampa mgonjwa antibiotiki na kumpa rufaa kwa mtaalamu wa ini na nyongo, hata kama yuko mji mwingine. Ndiyo sababu Eden alifikishwa Boston. Kazi yenyewe, mara nyingi, ni kukichukua kipande cha utumbo mdogo na kukishonea kwenye mrija juu ya jeraha, ili nyongo iingie moja kwa moja kwenye utumbo.

Wakati huo ndugu waombe nakala ya taarifa ya upasuaji, majibu ya vipimo vyote na, kama ipo, video iliyorekodiwa. Mtaalamu anayepokea rufaa anahitaji kujua kilichokatwa na kilichobanwa. Waombe pia kikao na daktari aliyepasua, wamsikilize kabla ya kuamua ni bahati mbaya au uzembe, kwa sababu jeraha la mrija hutokea hata kwa mikono mizuri, ilhali kupuuza dalili zake kwa siku tano ni jambo jingine. Wasioridhika wana pa kwenda: Tanzania Bara kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, na Kenya kuna Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno.

Miezi inayofuata

Bila kifuko, ini huendelea kutengeneza nyongo na kuiteremsha kidogokidogo kwenye utumbo badala ya kuihifadhi. Hakuna chakula kinachopigwa marufuku maisha yote. Wiki chache za mwanzo milo iwe midogo na ya mara kwa mara, na mafuta yaongezwe taratibu: supu kabla ya mchuzi wa nazi, ugali na mboga kabla ya pilau ya samli na viazi karai. Baadhi ya watu huharisha, hasa baada ya mlo mzito, kwa sababu nyongo inayofika kwenye utumbo mpana huuchokoza. Kwa wengi hupungua yenyewe ndani ya wiki au miezi. Isipopungua zipo dawa za kuinasa nyongo hiyo, na daktari aulizwe badala ya mtu kujizoesha kukimbilia chooni.

Mrija uliojeruhiwa kidogo bila kujulikana unaweza kusinyaa polepole. Homa za kutetemeka zinazorudi, mwili kuwasha bila upele na macho kubadilika rangi, hata mwaka mmoja au miwili baadaye, zichunguzwe mrija kwanza.

Liko pia jambo linalosahauliwa kwenye benchi la wodi. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki ndugu hukabidhiwa kichupa chenye kifuko kilichotolewa, wakapeleke maabara. Wengine hukiacha nyumbani kwa sababu ya gharama, au hukifikisha na kutorudi kuchukua majibu. Kwa mtu mmoja kati ya mamia, kipimo hicho hugundua saratani ya kifuko ambayo haikuonekana kwenye utrasaundi, na ikiwa bado changa upasuaji wa ziada unaweza kuiondoa. Kichupa kiwe na dawa ya kuhifadhia, jina la mgonjwa na tarehe, kifike maabara mapema, na majibu yapelekwe kwenye kliniki ya kwanza. Nakala ikae faili moja na taarifa ya upasuaji. Daktari atakayekutana na maumivu ya tumbo ya mtu huyo miaka mitano baadaye atataka kujua kama kifuko kilipasuka wakati wa kutolewa, kama kuna mawe yaliyodondoka, na kama kuna kipande kilichoachwa.